Gauni la Mashine Mbovu

Niliweka tiki kwenye kisanduku kisicho changu. Ndiyo kosa lenyewe, na linaandikika kwa mstari mmoja. Kazi ni kulieleza bila kujipendelea. Fomu ilikuwa ya mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa anaingia kidato cha tatu, nayo iliuliza swali moja tu la maana: mwanafunzi ataendelea na Sayansi au Sanaa? Mtoto alitaka Sayansi. Nilijua anataka Sayansi. Nikachukua kalamu ninayoandikia vipimo vya wateja, nikaweka tiki kwenye Sanaa, tena tiki kubwa yenye mkia, kama ya mwalimu aliyefurahishwa na jibu. Kisha nikasaini palipoandikwa "mzazi au mlezi", nikaupulizia wino ukauke.

Upumbavu wa haraka haraka ningejisamehe. Huu niliufikiria siku nne.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kashai, Bukoba mjini. Nashonea mlangoni pa chumba changu, kwenye ua tunaochangia wapangaji sita, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni sare za shule. Sipendi kutoka. Wengine huumwa wakikaa ndani. Mimi huumwa nikipanda bodaboda. Bomba liko uani, duka liko ng'ambo ya barabara, na kengele ya kanisa naisikia nikiwa kitandani, nami huamini kwamba kusikia nako ni namna ya kuhudhuria. Ziwa ambalo wageni husafiri kuja kuliangalia naweza kumaliza miezi sijaliona, na ni mwendo wa kutembea tu.

Nilimaliza kidato cha nne. Cheti changu nimekihifadhi vizuri chini ya godoro, si kwa thamani yake bali kisionekane. Fizikia nilipata F. Sikushangaa, na mwalimu hakushangaa, na nadhani aliyesahihisha naye alicheka kidogo akaendelea na mtihani wa mwenzangu. Lakini kijijini kwetu Kishanda, mtu aliyemaliza kidato cha nne na anaishi mjini ni msomi wa ukoo. Barua ikija, ya serikali, ya chama cha kahawa au ya parokia, inatiwa kwenye bahasha na kupandishwa gari hadi Kashai nikaisome. Kaka yangu anaweza kupogoa mibuni ya kibanja kizima, shamba letu la migomba na kahawa, akiwa amefumba macho, ila akionyeshwa karatasi yenye visanduku anatokwa jasho. "Mpelekee shangazi yako," humwambia binti yake. "Yeye ndiye anayeelewana na karatasi."

Binti huyo aliletwa kwangu alipomaliza darasa la saba, asome sekondari ya kutwa mjini. Alikuja na mkungu wa ndizi, debe la maharage na ugonjwa wa kuuliza "kwa nini". Wiki ya kwanza aliifungua pasi yangu ya umeme iliyokuwa imekufa tangu Pasaka. Nilimkuta ameitandaza mezani vipande vipande, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi.

Huyu jirani nimtambulishe mapema, maana haachi kujitokeza. Ni mama wa Kiislamu anayeuza vitumbua. Babu yake alikuja Bukoba kutoka Pwani, na yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa na anaongea Kihaya kuliko mimi. Mlango wake unatazamana na wangu. Mdomo wake hauna pazia. Mimi huniita "Fundi", hata akiwa amekasirika.

"Fundi, umeng'atwa na nyoka?" aliniuliza siku hiyo.

"Ona alivyoifanya pasi yangu!"

Jirani akaangalia meza, akamwangalia mtoto. "Umeshaona ugonjwa wake?"

"Waya umekatika hapa, mama. Unaonekana tu."

"Basi mwache amalizie," jirani akaniambia. "Ilikuwa imekufa. Ataiua mara ya pili?"

Jioni ile nilipiga pasi sare tatu.

Halafu kuna mambo ya marinda. Sketi za marinda nilikuwa nazikata kwa kukadiria, kama nilivyofundishwa na aliyenifundisha. Mtoto akakaa pembeni na daftari, akapima kiuno, akapima upana wa rinda moja na kina chake, akaandika, akafuta, akasema, "Shangazi, kwenye kila sketi unatupa kipande cha upana wa kiganja. Ukikunja hivi, ukikata sketi kumi, ya kumi na moja inatoka bure."

Nikamwambia asinifundishe kazi niliyoianza kabla baba yake hajaoa. Alipokwenda shule nikafunga mlango, nikajaribu. Ya kumi na moja ikatoka. Nikamshonea yeye, nikamwambia ni zawadi kutoka kwangu, naye akanishukuru kwa magoti, kama walivyomlea. Mpaka leo nakata vile, na wateja wananisifu kwa kubana matumizi ya kitambaa. Sijawahi kumtaja.

Akiwa kidato cha pili nilipata kazi ya mapazia katika kituo kimoja cha afya upande wa Muleba. Wakaongeza kazi ndogo: kulikuwa na mashine ya kupimia damu, imeharibika, vumbi linaiingia, niishonee cha kuifunika. Nikatafuta kitambaa cha bluu, na kwa kuwa sijui kushona kitu kikaachwa hivi hivi, nikakitia marinda kuzunguka chini na utepe mweupe juu. Kilitoka kama gauni la kipaimara. Likizo ilipofika tukaipeleka kazi njiani tukielekea Kishanda, mimi na mtoto.

Muuguzi alifurahi mno. Akaivisha mashine gauni lake, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, akarudi nyuma kuangalia. Mtoto akainua pindo na kuchungulia.

"Inaumwa nini?" akauliza.

"Hatujui. Anasubiriwa fundi."

"Anatoka wapi?"

"Mbali."

"Atakuja lini?"

Muuguzi akacheka. "Mdogo wangu, tumeshaishonea nguo. Unafikiri anakuja kesho?"

Nilicheka naye. Mtoto hakucheka. Nje, kwenye benchi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anaelekezwa, barua mkononi: aende Bukoba mjini, damu ikapimwe huko, arudi na majibu. Yule mama aliuliza kama hawezi kupimiwa hapa hapa, akaambiwa mashine ni mbovu. Akaangalia dirishani na kuiona imependeza na maua yake. Nilijisikia kama mtu aliyemshonea marehemu suti.

Tukiwa garini mtoto aliniuliza, "Shangazi, mtu anasomea wapi kutengeneza mashine za hospitali?"

"Vyuo vipo," nikasema, kwa sauti ya mtu anayevijua.

"Lakini lazima awe amesoma Fizikia, sivyo?"

"Lazima."

Nimeliandika neno hilo hapa ili nisije siku moja nikajidai sikujua.

Mwisho wa mwaka wakafanya mtihani wa kidato cha pili, naye akapita vizuri. Januari tukaitwa mkutano wa wazazi. Nilikwenda kwa miguu, nikilalamika njia nzima, na jirani yangu wa vitumbua akiwa mbele yangu kwa ajili ya mjukuu wake. Mkuu wa shule akasema ukweli wake bila kuzunguka: shule haina mwalimu wa Fizikia, na chumba kinachoitwa maabara kina meza tu. Kwa hiyo wanafunzi watakaochagua Sayansi kutoka shule zetu za jirani watakusanywa kwenye shule moja upande wa pili wa mji, yenye maabara na walimu, na watakaa hosteli. Kila mzazi achukue fomu.

Kisha akasimama mgeni kutoka ofisi ya elimu. Alisema maneno mazuri. Kwamba taifa haliwezi kuendelea kuagiza mafundi kama linavyoagiza vipuri. Kwamba kila kijiji kina kitu kilichoharibika kinachosubiri mtu ambaye hajasomeshwa bado. Kwamba wazazi wasiwakatishe tamaa watoto, hasa wa kike, kwa kuwaambia Hisabati na Fizikia si zao. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Unapiga makofi kama mama wa bwana harusi," jirani akaninong'oneza.

Lakini katika hotuba yote ile neno lililorudi nami nyumbani lilikuwa moja tu. Hosteli.

Sasa niseme kile ambacho sijawahi kumwambia padre. Miaka miwili nilikuwa nimeishi na mtu. Nilikuwa nimezoea kusikia ndoo ikiwekwa chini asubuhi, daftari likifunuliwa, swali likiulizwa kutoka nyuma ya pazia. Tena mimi ni Mhaya nisiyejua kupika ndizi. Hiyo ni siri ya aibu kubwa kuliko F ya Fizikia. Ndizi zangu huiva nje, ndani zikabaki na msimamo wao. Mtoto alipika kama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu nije mjini nilikuwa nakula ebitoke ya kweli bila kwenda kwa watu. Nikakaa nikauona ua bila yeye: mimi, cherehani, na sufuria ya wali. Moyo ukakataa.

Kukataa wazi nisingeweza, na viganja vyangu bado vikiwa na joto la makofi. Nikaanza kwa ushauri.

"Fizikia ni ngumu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Najua, shangazi."

"Mimi mwenyewe ilinishinda."

"Wewe alikufundisha nani?"

"Mwalimu wa Historia. Wa Fizikia hatukuwa naye."

Aliendelea kumenya ndizi, akaniacha nilisikilize jibu langu mwenyewe.

Siku ya pili nikasema hosteli kuna kunguni. Akasema atachemsha maji. Siku ya tatu nikasema wasichana wengi huharibikia hosteli. Kwa hilo hakuna jibu ambalo msichana mwenye adabu anaweza kumpa shangazi yake. Siku ya nne nikampigia simu kaka yangu Kishanda, nikamwambia, "Mtoto anataka Sanaa." Kaka akashangaa kidogo, akasema kama ndiyo moyo wake basi jaza, wewe ndiye unayeelewa. Nikakata simu, nikamwita mtoto, nikamwambia, "Baba yako amesema Sanaa."

Alisimama pale na kisu cha ndizi.

"Sawa, shangazi."

Asingempigia baba yake kumwuliza. Kwetu baba akishasema, mtoto haombi kusomewa tena. Nami nilijua kwamba kaka yangu asingemwuliza binti yake, maana shangazi ameshasema. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili wanaoniheshimu, nikamdanganya kila mmoja kwa mdomo wa mwenzake. Ilikuwa rahisi ajabu. Ilikuwa rahisi kuliko kutia zipu.

Miaka miwili iliyofuata nilikula vizuri.

Siwezi kusema alinuna. Alisoma Historia, Jiografia, Uraia, na Hisabati na Baiolojia ambazo wote wanazisoma, akanichotea maji, akanipikia, akaniunganishia redio. Lakini kulikuwa na vitu vidogo ambavyo nilivipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka asilotaka kuulizwa habari zake. Jumamosi nyingine alikuwa anakwenda kwa rafiki yake aliyechagua Sayansi, anarudi na daftari la kuazima. Siku moja nilikuta meza yangu ya kukatia imejaa michoro ya chaki: visanduku, mistari, duara zenye msalaba ndani. Nikafikiri ni ruwaza ya begi. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta meza yote, nikatandaza kitambaa cha sare. Aliporudi aliiangalia meza.

"Kulikuwa na kitu muhimu?" nikamwuliza.

"Hapana, shangazi. Ilikuwa saketi tu. Nitaichora tena."

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Hisabati alipata A. Baiolojia B. Jirani alileta sahani ya vitumbua bila kuulizwa, akapiga vigelegele uani mpaka wapangaji wakatoka. Nikajisikia mama mzazi. Mtoto akaja na karatasi aliyokuwa ameihifadhi ndani ya daftari, imekunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Yalikuwa maelezo ya chuo kinachofundisha kutengeneza vifaa vya hospitali.

"Hisabati ninayo," akasema. "Labda watanikubali, nikajifunze Fizikia huko huko."

Tukaenda kuuliza kwenye ofisi moja mjini inayosaidia vijana kuomba vyuo. Bwana aliyekaa pale alikuwa mpole. Alipitisha kidole kwenye karatasi ya matokeo kutoka juu mpaka chini, akarudi juu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Hii Hisabati ni yako?"

"Ndiyo."

"Na Fizikia iko wapi?"

"Sikuisoma."

Yule bwana akavua miwani. "Mtoto mwenye A ya Hisabati. Nani aliyekushauri uache Fizikia?"

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili, mkoba mapajani. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kufungua mdomo.

"Baba alisema," akajibu.

"Wazazi wengine!" bwana akatikisa kichwa, akanigeukia mimi kama mtu mwenye akili. "Unaona, mama? Chuo hiki bila Fizikia hawampokei, hata kama angekuwa na A tatu. Kazi ya kumwelimisha baba yake ni yenu ninyi mliosoma."

Nikaitikia. Nawaambieni, niliitikia kwa kichwa.

Wiki ile sikushona kitu kikanyooka. Jumapili nikajitia nguvu, nikapanda gari mwenyewe, mimi nisiyetoka, tukaenda Kishanda na mtoto. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilikuwa niseme: kaka, wifi, nimekosa. Lakini tulipofika nikakuta wamechinja jogoo. Wifi yangu alitoka mbio akanikumbatia, "Waitu, karibu, umetulelea mtoto!" Nikakalishwa kwenye kiti chenye mto. Nikaletewa kakikapu ka kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni wa heshima, nikatafuna huku nimeinama. Wakanipa paja la jogoo. Nikalila. Kuna watu hukosa hamu ya kula wakiwa na dhambi. Mimi tumbo langu halishauriani na dhamiri.

Katikati ya chakula kaka yangu akasema, bila ubaya wowote, "Ila hii habari ya Fizikia imeniuma. Mwanangu, kama ulikuwa unataka mambo ya mashine, kwa nini ulichagua Sanaa? Shangazi yako aliponipigia kuniambia unataka Sanaa, mimi nilishangaa."

Kijiko cha mtoto kikasimama.

Hakuniangalia mara moja. Aliangalia sahani kwanza, kama vile hesabu ilikuwa imeandikwa pale na anaitafutia jibu. Kisha akainua macho akaniangalia, na katika maisha yangu sijaangaliwa hivyo, bila hasira, kwa kuelewa tu, jinsi alivyouangalia ule waya wa pasi uliokatika.

"Ndiyo, baba," akasema. "Nilichagua mwenyewe. Nilikuwa sijajua."

"Basi, ujana," kaka akasema, akaniongezea mchuzi.

Nilikuwa na mdomo uliojaa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa siku ile.

Tulirudi kesho yake. Gari likikaribia mjini nikafungua mdomo. Nikasema, nikiangalia mbele, kwamba baba yake hakusema Sanaa, na mimi sikuogopa kunguni wala sikuogopa kuharibika kwake. Niliogopa kubaki peke yangu na sufuria. Nilisema hivyo hivyo, na yalisikika madogo, maneno yenyewe, kwa kitu kilichomgharimu mtu miaka yake.

"Wale wa hosteli," akasema mwishowe, "walikuwa wanarudi nyumbani kila Ijumaa, shangazi. Ungeniuliza tu."

Ningelipendelea anitukane.

Aliyetafuta njia ni yeye, si mimi msomi. Aligundua kwamba anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa Fizikia peke yake mwisho wa mwaka. Akapata habari za mwalimu mstaafu aliyerudi kwao Kaagya, anayefundisha wanaorudia mitihani kwenye baraza ya nyumba yake, katikati ya migomba, na Jumamosi huwapeleka kwenye maabara ya shule moja ya jirani kwa ruhusa ya mkuu wake. Masomo ya miaka minne atayabeba kwa miezi tisa au kumi. Akifaulu, ataomba chuo mwaka unaofuata. Akikosa, hakuna aliyelisema hilo. Mama yake ana dada aliyeolewa Kaagya, atakaa huko.

"Na huko nako Ijumaa unarudi?" niliuliza, nikijitahidi isikike kama utani.

"Jumamosi ndiyo maabara, shangazi. Nitakuja nikipata nafasi."

Mwalimu ana sharti moja: asiye na koti jeupe haingii maabara. Nikasema koti nitalishona mimi. Nilitaka liwe koti ambalo halijawahi kuonekana katika Kagera nzima. Nilimpima mabega mara mbili. Nilitia mifuko mitatu, mmoja wa kalamu. Nikaacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, ili akinenepa kwa furaha au kwa ndizi za mama yake mdogo liongezeke. Marinda sikutia, ingawa mkono uliniwasha.

Jumanne koti lilikuwa limekamilika, isipokuwa vifungo vinne. Mtoto alikuwa ameshafunga begi lake, limesimama karibu na mlango. Akauliza kama liko tayari. Nikamwambia vifungo vyeupe vya saizi ile vimeadimika mjini, namsubiri muuzaji.

Jumatano akauliza. Nikasema muuzaji hajapita.

Vifungo vilikuwa kwenye kopo la kahawa chini ya cherehani, ambapo vimekaa tangu nianze ushonaji, mamia yake, vya kila saizi. Naapa sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe, kama ulivyosema mwaka ule na kalamu mkononi, na nilipousikia ulikuwa umeshamaliza. Mtoto hakubisha. Alikwenda jikoni akanipikia ndizi na maharage, akanipakulia kwanza. Nikala nikimwangalia, nikijiambia ni siku moja tu, siku mbili, mtu mzima atakufa kwa siku mbili? Somo la kwanza la maabara lilikuwa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi mtoto alikuwa bombani. Jirani akatoka na sinia la vitumbua kichwani, akasimama mbele ya cherehani yangu. Akaliangalia koti lililotundikwa mlangoni, likiwa wazi mbele kwa kukosa vifungo. Akaliangalia begi. Kisha akashusha sinia, akainama, akavuta kopo la kahawa kutoka chini ya cherehani kama mtu anayelijua, akalifungua, akachagua vifungo vinne vyeupe vinavyofanana, akavipanga juu ya meza mbele yangu kimoja kimoja.

"Fundi," akasema, "vifungo vinne havijawahi kukuchukua siku tatu. Shona, mtoto aende. Njaa ikikuuma utajifunza kupika ndizi kama watu wazima wenzako."